Mazishi ya Babu Mkuyu

Hapo zamani, nyakati ambazo mtu akitaka kusema uongo ilimbidi kwanza atazame nyuma, palikuwa na mji wa bara uitwao Kwembago, na mji huo ulikuwa na Sultani, na Sultani huyo alikuwa na kila kitu isipokuwa haya. Nasema hivi bila kuogopa kwa sababu yeye amekwisha kufa, nami nakaa mbali.

Jina lake lilikuwa Sultani Mwinyihatibu. Alikuwa na waziri, Rubea, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kusema "Naam, Maulana" kabla Maulana hajafika mwisho wa neno lake. Wawili hawa walitawala vizuri sana, kwa maana hakuna aliyewaambia vinginevyo.

Basi chini ya ngome, penye mteremko, palisimama mkuyu. Msidhani ni mkuyu wa kuegemea tu na kwenda zako. Watu kumi na wawili walishikana mikono kuuzunguka, na bado ilibaki nafasi ya mtu mnene. Watu wa mji waliuita Babu. Penye mizizi yake ilibubujika chemchemi, na maji yake tangu zama za kale yaliteremka hadi mtaa wa Bondeni, wanakokaa mafukara. Lakini Sultani alitaka bustani ya mikomamanga, akachimba mfereji, maji yakageuzwa kwenda ngomeni, na watu wa Bondeni wakabaki na matone. Wanawake wakawa wanatoka alfajiri kwenda mtoni na kurudi adhuhuri, shingo zimeingia mabegani kwa uzito wa mitungi.

Mti huo ulikuwa na desturi yake. Mtu akiwa na shida, huenda chini ya Babu, akachana kipande cha nguo aliyovaa, akakifunga tawini na kutaja nadhiri yake kwa sauti, watu wasikie. Shida ikiondoka, hutimiza aliyoahidi, kisha huja mwenyewe kukifungua kitambaa chake. Mtu mwingine hakukigusa. Kwa hiyo kila mpita njia aliweza kutazama juu akajua nani ametimiza na nani bado, na yapo matawi yaliyoinama kwa ahadi za watu ambao mchana walikuwa waheshimiwa wakubwa.

Mfagiaji wa pale alikuwa Semkiwa. Fukara huyo alikuwa na kanzu moja, ufagio mmoja na mke mmoja, Mwanakheri, na katika hivyo vitatu mwenye nguvu alikuwa mke. Kila asubuhi Semkiwa alifika akasema, "Shikamoo, Babu," akasimama kidogo akingoja kuitikiwa, ndipo akaanza kufagia. Watu walimwona punguani. Yeye naye hakuwahi kuwakatalia, maana punguani haombwi ushauri wala hatozwi kodi.

Ikawa mwaka mmoja Sultani akapata jipu kooni. Likavimba hata hakuweza kumeza mate, sembuse chakula. Waganga walikuja wakapita, wakala kuku wake wakaenda. Mwishowe akabebwa hadi chini ya mkuyu, akachana kilemba chake cha hariri nyekundu, na kwa kuwa hakuweza kusema, Waziri Rubea akasema kwa niaba yake: "Maulana akipona, atauvunja mfereji, maji yarudi Bondeni daima." Sultani akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimtoka. Siku ya tatu jipu likapasuka. Siku ya nne akala mbuzi. Na kitambaa chekundu kikaning'inia pale tawini mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, kikipepea mbele ya macho ya mji mzima, na mfereji haukuguswa.

Watu wa Bondeni walikitazama kila walipopita na mitungi yao. Sultani naye akaacha kupita njia ile, akachongesha mlango mpya upande wa pili wa ngome.

Basi kiangazi cha mwaka wa tatu akaja mgeni wa heshima, na Sultani akataka kumwonyesha mawindo. Kuvizia paa nyasini ni kazi, na Sultani hakupenda kazi, akaamuru nyasi za bonde zitiwe moto ili paa watoke wenyewe. Paa wakatoka kweli, wakapita katikati ya wawindaji, wakaenda zao. Upepo nao ukageuka. Moto ukapanda mteremko, na ilipofika alasiri Babu alikuwa anawaka kutoka shinani hadi kileleni.

Semkiwa aliupiga moto kwa ufagio wake hata ufagio ukaungua, na nyusi zake zikaungua, na watu wakamvuta kwa nguvu akipiga kelele. Mwanakheri hakuwahi kumwona mumewe akilia tangu aolewe naye. Siku ile alimwona, na yeye akakaa majivuni pamoja naye akalia.

Jioni mpiga mbiu akapita mitaani: "Moto umezuka wenyewe! Enyi watu, moto haukuwashwa na mtu!" Akarudia mara tatu, na waliokuwa hawajui aliyeuwasha wakajua.

Sasa nitawaambia jambo la aibu. Mji ulihuzunika, ndiyo, lakini haukuhuzunika wote sawasawa. Vitambaa vyote vilikuwa vimeungua! Bibi mmoja aliyeweka nadhiri ya kutosengenya mwaka mzima alianza kusengenya kabla majivu hayajapoa. Mchinjaji aliyeahidi kuacha kuuza mifupa kama nyama akarudia mifupa. Hata Kadhi, aliyeahidi kutolala barazani watu wanaposhtakiana, siku ya pili tu alikoroma katikati ya kesi ya mbuzi. Kila mmoja alisema, "Masikini Babu," kisha akapumua.

Aliyepumua kuliko wote alikuwa Sultani. Siku ya tatu akaketi barazani, uso umejaa huzuni ya kuazima, akasema:

"Enyi watu wa Kwembago, mkuyu umekufa. Msiba ni wetu sote. Na kwa kuwa umekufa bila mrithi, ardhi yake na chemchemi yake ni mali ya kiti hiki, kama ilivyo desturi. Kesho mti utakatwa mbao, na pale nitajenga kibanda cha kupungia upepo, tena nitakizungushia ukuta."

"Naam, Maulana," akasema Waziri, aliyekwisha kuanza kusema tangu neno "msiba".

Watu wa Bondeni wakatazamana. Ukuta ukijengwa, hata matone yale hayatakuwapo. Ndipo Semkiwa akapenya katikati yao, kanzu imetoboka kwa cheche, uso hauna nyusi, akapiga magoti.

"Maulana, Babu hajafa. Amezimia."

Baraza likaangua kicheko. Sultani akacheka mpaka akashika mbavu.

"Amezimia! Na wewe umejuaje, ewe Semkiwa?"

"Nimemsalimu leo asubuhi, bwana wangu."

"Akaitika?"

"Hajawahi kuitika, Maulana. Ndiyo maana nasema hajabadilika."

Wakacheka tena, na Sultani alipocheka akapata wazo, na mawazo ya watu wa namna ile huja pale wanapofurahi. Akasema, "Sikiliza, bwana mjukuu. Kwa kuwa wewe ndiwe ndugu yake pekee, mzike. Nakupa siku arobaini. Umzike mzima, pasikatwe hata kijiti, na umzike kama anavyozikwa mtu wa heshima, pasipungue kitu. Ukiweza, ardhi na chemchemi ni zenu watu wa Bondeni. Ukishindwa, siku ya arobaini naja na mashoka, na wewe na mkeo mtahama mji huu msirudi."

Kumzika mkuyu mzima! Kaburi lake lingemeza nusu ya mji. Watu wakaacha kucheka, wakamhurumia. Lakini Semkiwa akainua uso.

"Kama mtu wa heshima, Maulana, pasipungue kitu?"

"Pasipungue kitu."

"Na hakuna mtu wa kunizuia kutimiza yampasayo maiti?"

"Akuzuie nani? Naapa kwa Mola mbele ya watu wote hawa. Kadhi, umesikia?"

Kadhi akaamka, akasema amesikia.

Nyumbani Mwanakheri alikuwa anamngoja mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba we, nimesikia. Unajua kitu, au unabahatisha?"

"Nabahatisha, mke wangu."

"Na sisi tunakwenda wapi tukifukuzwa?"

"Sijui. Nijualo ni kwamba wangemkata kesho, angekufa kweli. Wasipomkata kesho, kuna kesho kutwa."

Mwanakheri akaingia ndani akatoka na mtungi. "Haya basi," akasema, "maiti huanza kwa kuoshwa."

Asubuhi Semkiwa akaenda kwenye mfereji wa Sultani na jembe begani, akatoboa ukingo, maji yakamwagika kuelekea mizizi ya mkuyu. Walinzi wakamkamata, wakamleta kwa Waziri.

"Umevunja mfereji wa Maulana!"

"Sijavunja, Waziri, nimeazima. Maiti huoshwaje bila maji? Maulana amesema pasipungue kitu. Nikimaliza kumwosha nitaziba."

Waziri akaenda kumwuliza Sultani, na Sultani, ambaye alikuwa ameapa mbele ya mji, akasema kwa shida, "Mwache aoshe. Kuosha mti kutachukua muda gani?"

Loo! Ilichukua muda. Semkiwa aliosha kila tawi mara tatu, kwa unyenyekevu mkubwa, akaanza na yale ya kulia. Watu wa Bondeni wakaja kumsaidia, kwa maana kusaidia msiba si kosa. Wanaume wakapanda na vitambaa vibichi wakafuta masizi. Wanawake wakamimina mitungi shinani. Na maji yaliyobaki yakafuata njia yake ya zamani yakateremka hadi Bondeni, na hakuna aliyeyakataza, kwa kuwa ni maji ya msiba. Kila baada ya siku chache Waziri Rubea alikuja kuchungulia.

"Hujamaliza tu?"

"Bado mkono wa kushoto, Waziri. Marehemu alikuwa na mikono mingi."

Mikomamanga ya Sultani ikaanza kunyauka.

Baada ya kuosha, Semkiwa akaziba mfereji kama alivyoahidi, kisha wakamvika sanda. Hakuna jora la kumtosha, basi wakakanda udongo wa kichuguu na samadi, wakampaka Babu palipoungua, mpaka akawa wa kijivu mzima kama ukuta mpya. Kisha wakaanza kumfukia. Mnajua kwamba waliohudhuria maziko hutupa udongo kaburini, konzi tatu kila mtu. Semkiwa akatangaza kwamba hakuna asiyehusika, basi kila mtu wa Kwembago akaja na konzi zake tatu za udongo mweusi wa mtoni, akazitupa mizizini. Wengi walikuja kucheka. Lakini ukishika udongo wa kuzikia mkononi, kicheko hukauka chenyewe. Niliambiwa mchinjaji alitupa konzi zake tatu, akasimama, akatazama tawi alilofungia kitambaa chake, akaondoka bila kuaga.

Semkiwa alikuja kila asubuhi. "Shikamoo, Babu." Akangoja. Hakuna kitu. Siku ya ishirini, hakuna kitu. Siku ya thelathini mvua za kwanza zikanyesha, na bado hakuna kitu, na Semkiwa akaanza kukonda. "Labda mimi ni punguani kweli," akamwambia mkewe. Mwanakheri akamjibu, "Hilo tunalijua siku nyingi. Kunywa uji."

Basi siku ya arobaini ikawadia. Sultani akateremka kwa ngoma na mazumari, nyuma yake watu wenye mashoka, na mji mzima ukafuata. Akafika akautazama mkuyu, ambao ulikuwa umefukiwa hadi kiuno cha mtu na juu umesimama kama ulivyosimama siku zote.

"Semkiwa! Umeshindwa. Mimi namwona maiti wako hadi kichwani."

"Sijashindwa, Maulana, tumo katikati ya maziko. Tumemwosha, tumemvika, tumemfukia miguu. Sasa tunaendelea na mwili. Ila kuna kitu kimoja hakijatimizwa, na wewe ulisema pasipungue kitu."

"Kitu gani tena?"

"Tangazo, bwana wangu. Kabla mtu hajafukiwa, nduguye husimama akauliza watu nani anamdai marehemu na nani anadaiwa naye."

Kadhi, ambaye leo alikuwa macho, akasema, "Hayo ni kweli. Hazikwi maiti bila tangazo."

Semkiwa akapanda juu ya tuta la udongo, akapaza sauti: "Enyi mliohudhuria! Marehemu Babu aliishi nasi tangu wazee wa wazee. Mwenye haki ya marehemu mikononi mwake, na aitaje sasa mbele ya watu, nami ndugu yake nitaipokea."

Kisha yule bibi msengenyaji akajitokeza, kanga amejifunika hadi puani. "Mimi nilimwahidi mwaka," akasema. "Nimekaa miezi miwili. Miezi kumi ipo." Mchinjaji akasema la mifupa. Mmoja akataja shamba la mdogo wake, mwingine akataja mke aliyemwacha bila haki. Kadhi akashusha pumzi, akasema, "Mimi ni usingizi." Hakuna aliyecheka. Watu waliendelea kusema mpaka wakaisha, na walipokwisha, macho yote yakamgeukia mtu mmoja.

Sultani akajikohoza. "Mimi sikusema neno lolote chini ya mti huu. Koo langu lilikuwa limeziba, mnajua wote."

"Kweli kabisa, Maulana," akasema Semkiwa. "Aliyesema ni Waziri Rubea. Basi nadhiri ni ya Waziri, na mfereji utakuwa wa Waziri. Waziri, lete jembe."

Waziri akaanguka chini. "Sivyo! Mimi nina mfereji gani? Maulana alitikisa kichwa, nilimwona!" Na hii ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake kusema jambo ambalo Maulana hakupenda.

"Haya, nilitikisa!" akafoka Sultani. "Lakini kitambaa kimeungua. Nadhiri imekwisha na kitambaa chake."

Semkiwa akainamisha kichwa kwa adabu. "Mimi mjinga, Maulana, nisaidie. Kama nadhiri imefutika, nalo lililoombewa si lifutike? Kitambaa kimerudi majivu. Je, na lile jipu lirudi kooni, ili mambo yawe sawa?"

Sultani akajishika koo. Hakujua kama amejishika, mkono ulikwenda wenyewe, na mji mzima ukauona. Akaushusha upesi, akakasirika kama akasirikavyo mtu aliyeonekana.

"Basi nitatimiza," akasema, "siku mti huu utakaponidai wenyewe! Wenyewe, si wewe! Na usiponidai sasa hivi, mashoka yaanze."

Wenye mashoka wakasogea. Mwanakheri akaenda akasimama mbele ya shina. Semkiwa akashuka kwenye tuta, akasema kwa sauti ndogo, "Njoo basi, Maulana. Zunguka huku, upande wa chemchemi. Anakungoja tangu alfajiri, nami sikutaka kumkatiza."

Sultani akazunguka, na watu wakazunguka naye. Pale udongo wa konzi za watu ulipolundikana, udongo ulikuwa umepasuka, na katika ufa limetoka chipukizi, nene kama kidole gumba, jani lake la kwanza bado limekunjana, linang'aa kwa umande. Na katika kutoka kwake lilikuwa limeinua kitu kutoka majivuni, kimelala juu ya ncha yake. Kilikuwa kipande cha hariri nyekundu, kimeungua pembeni, upana wa vidole viwili.

Wenye mashoka wakayateremsha mashoka. Bibi mmoja wa Bondeni akaanza kulia, na kilio chake hakikuwa cha msiba. Watu walisimama wakitazama lile chipukizi, na kila mmoja alikumbuka aliyoahidi, wakaelewa kwamba moto umekula nguo tu.

"Maulana," akasema Semkiwa, "anayechipua hazikwi. Mazishi nimeshindwa kuyamaliza, hapo una haki, nifukuze. Lakini amekudai mwenyewe."

Sultani akainama. Akanyoosha vidole kukitwaa kile kitambaa, kisha akakumbuka desturi, akavirudisha, kwa maana hakuwa ametimiza. Akabaki ameinama kitambo kirefu mpaka ikawa aibu. Mara akaanza kucheka, kidogo kidogo, kicheko cha mtu aliyebanwa pande zote hata hana pa kwenda ila kucheka.

"Leteni jembe," akasema.

"Naam, Mau..."

"Nyamaza, Rubea. Leta jembe."

Akaenda mwenyewe, na joho lake la kifalme, akauvunja mfereji mbele ya watu. Alivunja vibaya, kwa kuwa hakuwahi kushika jembe, na Mwanakheri akamwelekeza. Maji yakarudi Bondeni yote. Ndipo akaja akakichukua kitambaa kwenye ncha ya chipukizi, akakitia mfukoni, na watu wanasema tangu siku hiyo alirudi kutumia mlango wake wa zamani.

Wapo wasemao kwamba Semkiwa alikiokota kitambaa kile siku ya moto, akakiweka pale mwenyewe. Aliulizwa hivyo maisha yake yote, na kila mara alijibu, "Mimi mfagiaji. Kilichoanguka chini ndiyo kazi yangu." Zaidi ya hapo hakuongeza.

Siku ile, kabla ya kupanda ngomeni, Sultani alimwita. "Semkiwa, umeniaibisha mbele ya mji, na mimi nimepata nafuu, sijui kwa nini. Sema unachotaka. Nyumba? Ng'ombe? Cheo cha Rubea?"

Semkiwa akafikiri. Akamtazama mkewe, akautazama mkuyu uliosimama wa kijivu, na lile jani moja.

"Ufagio, bwana wangu," akasema. "Wangu uliungua, na majani yanakuja."

Hapo ndipo nilipoiokota hekaya hii, na hapo naiacha. Mwenye kitambaa chake juu ya mti, akakifungue.